Falafeli ndani ya mkate wa pita: kutoka dengu kavu hadi mkononi

Anayejua kupika bajia za kunde ameshajua nusu ya kazi ya falafeli. Njia ni ileile: kunde hulowekwa, husagwa zikiwa mbichi, hutiwa viungo, kisha hukaangwa kwenye mafuta mengi. Falafeli Wamisri huziita taamia na huzipika kwa maharage mapana ya ful. Watu wa Shamu, yaani Lebanoni, Syria, Palestina na Yordani, hutumia dengu. Mwongozo huu unafuata njia ya Shamu, pamoja na mkate wa pita wa kuoka nyumbani, kwa sababu dengu zinapatikana kila soko letu na pita ya dukani mara nyingi imeshakauka kabla hujaifungua.

Wengi wanaoharibu pishi hili huliharibu kwenye maji. Dengu zikiwa na maji mengi, falafeli zinamomonyoka kwenye karai. Unga ukiwa na maji machache, pita haifumuki. Kachumbari isipochujwa, mkate unapasuka chini na mchuzi unateremka hadi kiwiko. Kila hatua hapa chini itarudi kwenye jambo hilo.

Vipimo vinatoa pita 8, kila moja na falafeli 3. Hakuna yai wala maziwa, kwa hiyo chakula hiki kinamfaa pia anayefunga vyakula vya wanyama.

Kuhusu dengu zenyewe

Jina lina utata, na kosa la dukani haliwezi kurekebishwa jikoni. Tunazungumzia punje za rangi ya maziwa yaliyoungua kidogo, mviringo, zenye kimdomo kama cha ndege, ambazo kwenye maduka ya Wahindi huitwa kabuli chana. Tanzania zinaitwa dengu. Ndengu za Kenya ni zile ndogo za kijani, ambazo Tanzania ni choroko na Mombasa ni pojo, hizo siyo. Adesi pia siyo. Dengu ndogo za kahawia zinafaa, ila ganda lake ni gumu zaidi na zinataka saa 24 kamili majini.

Dengu za kopo, au zilizochemshwa nyumbani, usizitumie hata ukiwa na haraka. Wanga wa dengu iliyopikwa umeshavimba na kushika maji, hauna tena nguvu ya kugandisha punje wakati wa kukaanga. Matokeo ni uji ndani ya mafuta. Wanga wa dengu mbichi iliyolowekwa hupikwa palepale kwenye karai, ukashikamanisha chenga zote, na ndiyo maana falafeli ya kweli haihitaji yai wala unga wa ngano.

Jioni ya kuamkia siku ya kupika: loweka

Ukitaka kula saa saba mchana, loweka saa kumi jioni ya jana yake. Osha gramu 250 za dengu, toa mawe, weka kwenye bakuli kubwa pamoja na lita 1 ya maji baridi na nusu kijiko cha chai cha bikaboneti ya soda. Bikaboneti hulainisha ganda. Bakuli liwe kubwa kweli, maana dengu zitafikia karibu mara mbili ya uzito wake.

Zikae saa 18 hadi 24. Maeneo ya joto kama Dar es Salaam, Mombasa au Maskati, ziweke kwenye friji, au badilisha maji baada ya saa 8; vinginevyo zitaanza kutoa povu na harufu ya uchachu. Kipimo cha kuwa tayari: pasua punje moja kwa ukucha. Ndani iwe rangi moja mpaka katikati. Ukiona kiini cheupe kilichokauka, bado.

Zikishalowa, zichuje, zioshe, halafu uzitandaze juu ya kitambaa safi kwa nusu saa na kuzipangusa. Hatua hii hurukwa na watu wengi, nayo ndiyo inayotenganisha falafeli inayosimama na ile inayoachana. Maji yaliyo ndani ya punje yanatakiwa; yaliyoganda nje yake hayana kazi.

Asubuhi: unga wa pita

Unga wa ngano gramu 500
Maji ya uvuguvugu mililita 325
Hamira kavu ya chenga gramu 7 (vijiko 2 vya chai)
Chumvi gramu 10 (vijiko 2 vya chai, visijae sana)
Sukari kijiko 1 cha chai
Mafuta ya kupikia vijiko 2 vya chakula

Unga mweupe wa kawaida unatosha. Ukipata wa kutengenezea mikate, utavutika vizuri zaidi. Unga uliotiwa baking powder kiwandani (self-raising) usiutumie. Atta pekee hufumuka kwa shida kwa sababu pumba hukata nyuzi za ngano. Ukipenda ladha yake, changanya gramu 150 za atta na 350 za unga mweupe, na uongeze mililita 20 za maji.

Koroga hamira na sukari kwenye maji, subiri dakika 5 hadi 10 itoe povu. Isipotoa povu imekufa, tafuta nyingine. Maji yasiwe ya kuunguza kidole, kwani joto la zaidi ya nyuzi 55 huiua. Changanya unga na chumvi, mimina maji na mafuta, kanda dakika 10. Mwanzoni unga utanata mikononi, na mkono wa mpika chapati utatamani kuongeza unga mkavu. Jizuie. Kufikia dakika ya saba unaanza kujikusanya wenyewe. Unga wa pita unatakiwa uwe laini kuliko wa chapati, kwa sababu maji yaliyomo ndiyo yatakayogeuka mvuke na kuupasua mkate katikati.

Funika. Jikoni pakiwa na joto la nyuzi 30, saa moja inatosha. Nairobi au Arusha mwezi wa Julai, hesabu saa moja na nusu au zaidi. Angalia ukubwa kuliko saa: uwe umefikia mara mbili.

Wakati unga unaumuka: saga dengu

Dengu zote ulizoloweka
Kitunguu maji 1 kidogo (gramu 100)
Punje 4 za kitunguu saumu
Kotimiri, au dania kama wasemavyo Kenya, gramu 60 pamoja na vikonyo laini
Bizari nyembamba (jira) iliyokaangwa bila mafuta na kusagwa, vijiko 2 vya chai
Mbegu za giligilani zilizosagwa, kijiko 1½ cha chai
Pilipili manga nusu kijiko cha chai
Chumvi kijiko 1½ cha chai
Ufuta vijiko 2 vya chakula
Bikaboneti ya soda nusu kijiko cha chai, ya kutiwa mwishoni kabisa

Osha kotimiri mapema na uikaushe kwa kitambaa. Kitunguu kikisagwa, kikamue kwa mkono, umwage maji yake.

Chombo bora ni mashine ya kusagia nyama yenye sahani ya matundu madogo: hukata dengu sawasawa bila kuzivuruga. Mashine ya kukatakata ya visu inafaa ikiwashwa kwa mpigo mfupi mfupi, ukisimama kila mara kukusanya zilizokwama pembeni. Blenda ya juisi ndiyo ngumu zaidi, maana visu vyake vinataka maji na hapa hakuna kutia maji. Kama ni hiyo tu uliyonayo, saga kikombe kimoja kimoja, tikisa jagi, na uwe na subira. Kinu na mchi vinatoa kazi nzuri sana, kwa jasho lake.

Unatafuta chenga, siyo lojo. Ziwe kama chenga ndogo za mchele uliovunjika, huku kidogo kikiwa kimesagika zaidi kuwa gundi. Finyanga konzi moja: ikishikana na ukaigusa ikapasuka vipande vikubwa, ni sawa. Ikikatika kama mchanga, chukua robo ya mchanganyiko, isage tena iwe laini, irudishe na kuchanganya. Usikimbilie unga wa ngano, maana huifanya falafeli iwe nzito na ya kutafuna kama mkate.

Changanya kila kitu isipokuwa bikaboneti. Funika, weka kwenye friji kwa saa moja. Baridi na mapumziko huruhusu chenga kavu kunywa unyevu wa kitunguu na majani.

Tahini na vilivyobaki

Tahini ni ufuta uliosagwa. Waarabu wengi husema tahina, na Wairaki rashi. Ufuta ni zao letu, Lindi na Mtwara zinaulima kwa wingi, kwa hiyo hakuna sababu ya kulilia chupa ya kutoka ng'ambo. Kaanga gramu 200 za ufuta mweupe bila mafuta, moto mdogo, dakika 5 hadi 7, ukikoroga bila kuacha. Uepue ukiwa na rangi ya dhahabu hafifu tu, na umwage mara moja kwenye sinia, maana sufuria yenye joto huendelea kuuchoma. Ufuta ulioungua ni mchungu na hakuna ndimu itakayouficha. Saga pamoja na vijiko 3 au 4 vya mafuta yasiyo na harufu hadi uwe mzito wa kumiminika.

Kwa mchuzi, chukua gramu 120 za tahini, vijiko 3 vya chakula vya maji ya ndimu, punje 1 ya kitunguu saumu iliyopondwa na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Koroga. Utaona unaganda na kuwa kama udongo. Watu wengi hapa hudhani wameharibu. Tahini ni mafuta yenye chembe kavu ndani yake, na tone la kwanza la maji huzifanya chembe hizo zishikane. Endelea kutia maji ya baridi kidogo kidogo, jumla mililita 100 hadi 120, na ghafla utalainika na kuwa mweupe. Uache ukiwa mzito kama mtindi.

Kachumbari: nyanya 3 zilizotolewa mbegu, matango 2 na kitunguu nusu, vyote vikatwe vipande vya nusu sentimita. Tia nusu kijiko cha chai cha chumvi, viache kwenye chujio dakika 10 vitoe maji, kisha kamulia ndimu. Kabichi: gramu 200, ikatwe nyembamba kama nyuzi, isuguliwe kwa chumvi kidogo na kijiko 1 cha siki mpaka ilegee.

Kitu kichachu ni cha lazima, kwani vyakula vya kukaanga na ufuta pamoja hukinaisha haraka. Wauzaji wa Shamu huweka achari ya tanipu iliyopakwa wekundu wa kiazisukari chekundu. Figili nyeupe iliyokatwa vijiti na kulowekwa siku 5 kwenye maji mililita 300, siki mililita 150 na chumvi vijiko 1½ vya chakula, pamoja na kipande cha kiazi hicho, inakaribia sana. Wairaki hupendelea amba, achari ya embe yenye uwatu na manjano. Achari ya embe ya Pwani ni ndugu yake, na kijiko kimoja cha chai ndani ya pita kinatosha.

Kuoka pita

Washa oveni kwa joto la juu kabisa, nyuzi 250 ikiwezekana, trei nzito ikiwa ndani imepinduliwa chini juu, kwa dakika 30 nzima. Oveni kusema iko tayari haitoshi. Ni chuma cha trei ndicho kinachotakiwa kiwe na moto.

Gawa unga madonge 8 ya takribani gramu 105. Viringisha kila donge liwe laini bila mkunjo, funika, pumzisha dakika 15. Sukuma duara la upana wa sentimita 16, unene wa milimita 5. Usawa wa unene ni muhimu kuliko umbo zuri. Tandika juu ya kitambaa kilichonyunyizwa unga, funika tena dakika 10.

Weka mbili mbili juu ya trei ya moto, funga mlango haraka. Dakika ya pili utaona mapovu, ya tatu mkate unavimba kama puto. Uso wa juu na wa chini umeshaiva na kuziba, na maji ya katikati yamegeuka mvuke unaochukua nafasi zaidi ya mara 1,600 ya maji hayo. Mvuke huo ndio unaotengeneza mfuko. Toa kwa dakika ya nne hata kama haijabadilika rangi sana, na uifungie papo hapo ndani ya kitambaa kinene. Pita iliyoachwa nje hukauka na kukatika wakati wa kujaza.

Isipofumuka, sababu huwa mojawapo ya hizi. Umeisukuma nyembamba mno, nyuso mbili zikashikana zikiiva. Kuna mkunjo au tundu linalovujisha mvuke. Ngozi ya juu imekauka kwa kuachwa wazi. Au trei haikuwa na moto wa kutosha, na hiyo ndiyo inayotokea zaidi. Isiyofumuka haitupwi: ikate kwa kisu kikali pembeni, au ikunje ukifungia vitu ndani, kama wanavyokunja mkate wao Beirut.

Huna oveni? Tumia kikaango kizito cha chapati, kikavu, moto wa kati kuelekea mkali, kikiwa kimepashwa dakika 5. Weka pita sekunde 30, geuza, acha dakika moja na nusu, geuza tena na ukandamize taratibu kwa kitambaa kilichokunjwa, ukisukuma mvuke kuelekea sehemu ambayo bado imelala. Usipake mafuta. Chapati hutaka mafuta ili tabaka ziachane. Pita huachana kwa mvuke peke yake.

Kukaanga

Mafuta yawe na kina cha sentimita 5 au 6, joto la nyuzi 170 hadi 180. Bila kipimajoto, chomeka mpini wa mwiko wa mbao: mapovu madogo yapande mfululizo bila kuruka. Sasa ndipo uchanganye bikaboneti, siyo mapema, kwa sababu hewa yake hutoka ndani ya saa moja na falafeli inabaki kuwa kokoto.

Lowesha mikono, tengeneza madonge ya gramu 27 hivi, ukubwa wa ndimu ndogo, yaliyobanwa kiasi cha kushikana tu. Ukiyabana kama kibonge cha ugali, moto hautapenya. Wauzaji wa Shamu hutumia kalibu maalumu yenye springi. Mikono miwili na kijiko cha chakula vinafanya kazi hiyohiyo.

Kaanga moja peke yake kwanza. Ikimomonyoka, rudi kwenye mchanganyiko: saga robo tena, au tia vijiko 2 vya unga wa dengu. Ikigeuka nyeusi kabla ya dakika 2 na ndani ikiwa mbichi, punguza moto. Ikinywa mafuta, moto ni mdogo. Ikiwa sawa, tia tano au sita kwa pamoja, usiziguse sekunde 40 za mwanzo mpaka ganda lishike, kisha zigeuze. Dakika 3 hadi 4 zitakuwa kahawia ya karanga zilizokaangwa. Ziweke kwenye chujio la waya; ukizirundika juu ya karatasi, upande wa chini hulegea.

Ukikaanga kwa ful badala ya dengu, yaloweke yakiwa yamemenywa. Lakini jambo moja lazima lisemwe wazi: mtu mwenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD anaweza kuvunjikiwa chembe nyekundu za damu kwa kula maharage hayo, na hali hiyo ya kurithi imeenea katika maeneo ya malaria, ikiwemo Afrika Mashariki. Ukialika watu usiowajua vizuri, pika za dengu.

Kujaza

Kata ukingo wa pita, sentimita 3 hivi, ufungue mfuko kwa vidole ingali na joto. Kipande ulichokata kisukume chini kabisa ndani. Kitanyonya majimaji na kuongeza unene pale mkate unapopasuka mara nyingi. Paka mchuzi wa tahini kwa wembamba kwenye kuta zote mbili, kwa kuwa mafuta yake huzuia maji ya nyanya yasipenye. Tia kabichi, falafeli 2 zilizominywa kidogo, kachumbari, falafeli ya tatu, achari, kisha kijiko 1½ cha mchuzi wa tahini juu. Pilipili ni kwa mlaji. Zungushia karatasi sehemu ya chini na ule ndani ya dakika 10.

Dengu zilizosagwa bila bikaboneti hukaa siku 2 kwenye friji. Ukitaka kuweka akiba, gandisha madonge mabichi kwenye trei, yakishakuwa magumu uyaweke kwenye mfuko. Yanakaa miezi 2, na hukaangwa bila kuyeyushwa, kwa nyuzi 160 na dakika 6. Pita zigandishwe siku ileile zilipookwa. Zilizokauka zikatwe pembetatu, zipakwe mafuta, ziokwe dakika 8 kwa nyuzi 180, halafu zitiwe kwenye kachumbari iliyobaki muda mfupi kabla ya kula.